Pacha aliyesafiri, ngazi ndefu na ghala fupi: mafumbo ya uhusianifu yanafumbuliwaje?

Swali limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa kidato cha sita. Kwa kifupi anasema hivi: "Niliwasimulia wanafunzi kisa cha mapacha. Mmoja anasafiri angani kwa kasi kubwa mno, mwenzake anabaki duniani, na aliyesafiri anarudi akiwa mdogo kwa mwenzake kwa miaka minane, tuseme. Wakauliza: kama mwendo ni wa kulinganisha tu, kwa nini msafiri naye asidai kwamba ni dunia iliyoondoka na kurudi? Nikajibu kwamba msafiri ndiye aliyepata mchapuko, yaani badiliko la kasi au la mwelekeo, alipogeuza chombo. Hapo msichana mmoja akasema: kugeuza kunaweza kuchukua siku moja tu, sasa siku moja inazaaje miaka minane? Nikakwama. Tena kuna lile la ngazi ndefu inayoingia kwenye ghala fupi, nalo halijanikaa sawa."

Mwalimu, mpe msichana huyo hongera zangu. Pingamizi lake ni la haki kabisa, na ni la tangu zamani. Paul Langevin, Mfaransa, alisimulia kisa cha msafiri wa namna hii mwaka 1911: msafiri wake anazeeka miaka miwili huku duniani ikipita mia mbili. Muda mfupi baadaye Max von Laue, Mjerumani, akasema jambo lilelile analosema mwanafunzi wako: muda wa kugeuza unaweza kuufanya mfupi upendavyo ukilinganisha na safari nzima, kwa hiyo tofauti ya umri haitoki humo. Jibu lako la mchapuko lina ukweli ndani yake, maana linatuonyesha ni nani aliyegeuka. Ila halituambii miaka imetoka wapi.

Tuanze na nadharia yenyewe. Uhusianifu maalumu, alioutoa Albert Einstein mwaka 1905, umesimama juu ya nguzo mbili. Kanuni za fizikia ni zilezile kwa kila anayekwenda moja kwa moja kwa kasi isiyobadilika, na kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ni ileile kwa wote hao. Kila mmoja wao ana mfumo wake wa kupimia mahali na wakati, nitauita fremu. Kutokana na nguzo hizo yanapatikana matokeo matatu. Saa inayopita mbele yako huenda polepole kuliko yako. Kitu kinachopita mbele yako hufupika kwa upande wa mwendo wake. Na matukio mawili yaliyo mbali mbali, ambayo kwako yametokea wakati mmoja, kwa anayepita yametokea kwa kupishana.

Vitabu vya shule hukaza mawili ya kwanza na kulipitia la tatu mbiombio. Hapo ndipo mafumbo yanapozaliwa. Karibu kila fumbo la uhusianifu limeundwa kwa kutumia matokeo mawili ya kwanza huku la tatu limesahaulika, yaani kwa kudhani kimyakimya kwamba kuna "sasa hivi" moja inayowahusu wote, hapa na kwenye nyota ya mbali. Hakuna.

La tatu hili si gumu kulionyesha. Washa taa katikati ya behewa la treni. Abiria anasema mwanga umefika ukuta wa mbele na wa nyuma kwa pamoja, kwa sababu umbali ni sawa. Aliyesimama stesheni anaona ukuta wa nyuma ukiufuata mwanga na wa mbele ukiukimbia. Kwa kuwa kwake pia mwanga una kasi ileile pande zote, lazima aseme umefika nyuma kwanza. Hakuna aliyekosea. Sasa weka saa kwenye kuta hizo mbili, abiria azilinganishe barabara. Kwa mtu wa stesheni saa ya nyuma inaitangulia ya mbele, na kiasi chake ni hiki: zidisha kasi ya treni kwa umbali kati ya saa hizo, kama abiria anavyoupima, kisha gawanya kwa mraba wa kasi ya mwanga. Kwa treni ni kiasi kisichohisika. Kwa nyota ni miaka.

Twende kwa mapacha sasa, na tuwaite Kulwa na Doto. Wana miaka 20. Kulwa anaruka kwenda nyota iliyo umbali wa miaka 8 ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga huukata kwa mwaka mmoja), kwa kasi ya asilimia 80 ya kasi ya mwanga, akifika anageuza papo hapo na kurudi kwa kasi ileile. Kwa kasi hiyo saa inayosafiri huenda kwa sehemu 0.6 ya kawaida. Kwa Doto hesabu ni nyepesi: miaka 10 kwenda, 10 kurudi, jumla 20, saa ya Kulwa imehesabu 20 mara 0.6, yaani 12. Kulwa anarudi ana miaka 32, Doto ana 40.

Hesabu ya Kulwa ndiyo inayoleta ubishi. Kwake umbali umefupika hadi miaka 4.8 ya nuru, akaukata kwa miaka 6. Katika miaka hiyo 6 saa ya dunia ndiyo iliyokuwa ikienda polepole, kwa hiyo ilihesabu 3.6 tu. Kurudi, vilevile 3.6. Jumla 7.2. Angetegemea kumkuta Doto na miaka 27 na ushee, naye anamkuta na 40. Miaka 12.8 imepotelea wapi?

Haikupotea. Kulwa hakuwa na fremu moja, alikuwa nazo mbili: ya kwenda na ya kurudi. Tuseme Doto ana saa duniani, na kuna saa nyingine kwenye nyota iliyolinganishwa na ya Doto. Kulwa anapofika, saa ya nyota inasoma miaka 10. Hilo wote wanakubali, maana yuko palepale anaisoma kwa macho. Ila katika fremu ya kwenda, dunia na nyota ndizo zinazosogea, dunia ikiwa mbele na nyota nyuma, kwa hiyo saa ya nyota imeitangulia ya dunia kwa 0.8 mara 8, yaani miaka 6.4. Kwa Kulwa anayefika, duniani "sasa hivi" ni mwaka wa 3.6. Anageuza. Katika fremu ya kurudi mwelekeo umebadilika, dunia ndiyo iko nyuma, kwa hiyo saa yake ndiyo iliyotangulia kwa 6.4. Kwa Kulwa anayeondoka, duniani "sasa hivi" ni mwaka wa 16.4. Kati ya 3.6 na 16.4 mna 12.8. Jumlisha 3.6 na 12.8 na 3.6: ishirini kamili.

Hiyo miaka 12.8 haikumtokea Doto kwa kishindo. Duniani hakuna aliyehisi chochote Kulwa alipogeuza. Kilichobadilika ni daftari la Kulwa, ni tukio gani la duniani analiandika kwenye mstari mmoja na kugeuza kwake. Na sasa pingamizi la mwanafunzi linapata jibu kwa tarakimu: kama nyota ingekuwa mbali mara mbili, Kulwa akageuza kwa namna ileile, kwa muda uleule, pengo lingekuwa miaka 25.6. Mgeuko ni uleule, pengo limeongezeka maradufu. Kwa hiyo si mgeuko unaolizalisha. Ni umbali pamoja na mabadiliko ya fremu.

Kuna wanafunzi watakaosema hii ni hila ya makaratasi. Hao waonyeshe njia ya pili, ambayo mimi naipenda kuliko zote, kwa kuwa haihitaji kusema lolote kuhusu "sasa hivi" ya mahali pa mbali. Inahesabu tu vitu vinavyopokelewa mkononi. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwao, kila pacha anamtumia mwenzake salamu kwa redio. Wakiwa wanaachana kwa kasi hii, salamu zinafika kwa kuchelewa, moja kila miaka mitatu. Wakikaribiana zinafika kwa msongamano, tatu kila mwaka. Viwango hivyo ni vilevile kwa wote wawili, hakuna anayependelewa.

Kulwa anasafiri miaka 6 kwenda, anapokea salamu 2. Anageuza, na tangu siku hiyo salamu zinaanza kufika tatu kwa mwaka. Kwa miaka 6 anapokea 18. Jumla 20. Doto je? Kulwa aligeuza mwaka wa 10 wa dunia, lakini alikuwa umbali wa miaka 8 ya nuru, hivyo habari ya kugeuza inamfikia Doto mwaka wa 18. Kwa miaka 18 amekuwa akipokea salamu moja kila miaka mitatu, yaani 6. Miaka 2 iliyobaki anapokea tatu kwa mwaka, yaani 6 nyingine. Jumla 12. Kulwa amepokea salamu 20 za kuzaliwa, Doto amepokea 12, na hizo ndizo umri uliopita kwa kila mwenzake. Hapa tofauti kati yao iko wazi mezani: Kulwa anaona mabadiliko katikati ya safari yake kwa sababu yeye ndiye aliyeyafanya, na Doto anayaona karibu na mwisho kwa sababu inabidi aletewe na mwanga. Mwalimu, kama una kipindi kimoja tu cha kufundisha jambo hili, tumia hiki. Mstari wima ubaoni uwe Doto, mistari miwili ya mshazari iwe Kulwa, kisha wanafunzi wachore salamu zote wenyewe na wahesabu.

Tuumalize mchapuko. Unaweza kuuondoa kabisa kwenye kisa. Kulwa asisimame, apite dunia kwa kasi yake akilinganisha saa na Doto wakati wa kupishana. Afikapo kwenye nyota apishane na mwingine, tumwite Shija, anayetoka mbali zaidi kuelekea duniani kwa kasi hiyohiyo. Shija anaiweka saa yake isome kama ya Kulwa, miaka 6. Anapoipita dunia inasoma 12, na ya Doto 20. Hakuna aliyehisi mchapuko wowote, na tofauti ya miaka 8 iko palepale.

Maabara nayo imesema. Katika CERN, kituo cha utafiti wa chembe karibu na Geneva, watafiti walizungusha muoni kwenye pete la sumaku kwa asilimia 99.94 ya kasi ya mwanga, wakatoa matokeo mwaka 1977. Muoni ni chembe inayofanana na elektroni lakini nzito zaidi, na ikiwa imetulia huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2 (mikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde) kabla ya kuvunjika. Ndani ya pete ziliishi karibu mikrosekunde 64, mara 29 na zaidi, sawasawa na kasi yao inavyotaka. Kumbuka kwamba kuzunguka ni kupata mchapuko mfululizo, na mchapuko wa pete lile ni mara milioni milioni milioni ya ule wa mvutano wa dunia. Haukuongeza wala kupunguza kitu. Hizo ni mapacha wa Langevin zinazokwenda na kurudi mahali pamoja mamia ya mara.

Mchapuko basi kazi yake nini? Chukua mabasi mawili yanayotoka Morogoro kwenda Dodoma. Moja linanyoosha, lingine linapitia Iringa. Mita za dashibodi zikisomwa Dodoma hazitalingana, na hakuna atakayesema kilomita za ziada zilizaliwa kwenye kona ya Iringa. Kona inaonyesha tu kwamba njia haikunyooka. Kilomita ziko kwenye njia nzima. Saa ni mita ya namna hiyo, inapima urefu wa njia ya mtu katika anga na wakati vikichukuliwa pamoja, kama mwanahisabati Hermann Minkowski alivyofundisha mwaka 1908. Tofauti moja tu, nayo ni kubwa: barabarani njia iliyonyooka ndiyo fupi kuliko zote, ilhali katika anga-wakati iliyonyooka ndiyo yenye muda mrefu kuliko zote. Doto alinyoosha. Utasikia pia wakisema fumbo hili halifumbuki bila uhusianifu wa jumla, ule wa mvutano. Si kweli. Einstein mwenyewe aliwahi kulijadili kwa njia hiyo mwaka 1918, lakini hesabu niliyokupa haikugusa mvutano hata kidogo.

Na ngazi? Ngazi ina urefu wa mita 20, ghala lina mita 12 na milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Ngazi inakuja kwa asilimia 80 ya kasi ya mwanga. Mlinzi wa ghala anaipima mita 12, kwa hiyo kuna dakika ndogo mno ambapo imeenea yote ndani. Hapo anafunga milango yote miwili kwa pamoja na kuifungua papo hapo. Anayepanda na ngazi anasema ngazi yake ni mita 20 na ghala ndilo lililofupika hadi mita 7.2. Mita 20 ndani ya 7.2?

Tafuta "kwa pamoja" imekaa wapi. Kwa mlinzi milango ilifungwa kwa pamoja. Kwa anayekwenda na ngazi, mlango wa kutokea ulifungwa na kufunguliwa kwanza, ncha ya ngazi ikiwa ndiyo kwanza inaufikia, mkia ukiwa bado nje mita 12.8. Nanosekunde 53 baadaye (nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde) ndipo ule wa kuingilia ulipofungwa. Katika nanosekunde hizo 53 ghala limesogea mita 12.8 hasa, mkia umeingia, na ncha imeshatokea upande wa pili kupitia mlango ulio wazi. Ngazi haikugongwa na mlango wowote, na hilo wote wawili wanakubaliana. Hawakukubaliana tu kama kulikuwa na wakati ambapo ngazi nzima ilikuwa ndani, na hilo si tukio moja ambalo mtu angeweza kulishuhudia akiwa mahali pamoja.

Mwanafunzi mkorofi atasema: usifungue mlango wa kutokea. Swali zuri, tena linafundisha jambo ambalo wengi hawajalifikiria. Ncha inagonga mlango na kusimama, lakini mkia haujui. Habari ya kugonga inasafiri ndani ya chuma kwa kasi ya sauti humo, kama kilomita 5 kwa sekunde, na hata tukiikirimu kasi ya mwanga ingehitaji nanosekunde 67 kuzikata mita 20. Mlango wa kuingilia unaufikia mkia kwa nanosekunde 53. Kwa hiyo hata kwa anayekwenda na ngazi, mkia unaingia ghalani kabla haujapata habari, ngazi inajikunja ndani, na mlinzi anakuta chuma kilichopondeka nyuma ya milango iliyofungwa. Kitu kigumu kabisa, kisichonyumbuka, hakiwezi kuwepo katika uhusianifu, kwa kuwa kingepeleka habari toka ncha hadi mkia bila kuchukua muda.

Kama wanafunzi wanataka ushahidi kwamba mitazamo miwili huzaa tarakimu moja, wape muoni zinazozaliwa juu angani na mionzi kutoka anga za mbali. David Frisch na James Smith walizihesabu juu ya Mlima Washington huko Marekani, wakachapisha mwaka 1963. Juu, mita 1,900 na ushee, walipata karibu 560 kwa saa. Bila uhusianifu, karibu na usawa wa bahari zingefika 27 hivi. Walipata zaidi ya 400. Kwetu ni kwamba saa za muoni zilienda polepole. Kwa muoni saa zake ni za kawaida; mlima ndio uliofupika hadi kama mita 200. Maelezo ni mawili, idadi inayofika chini ni moja.

Nikuachie moja la kupeleka darasani, ambalo E. Dewan na M. Beran walilitoa mwaka 1959 na John Bell wa CERN akalitangaza mwaka 1976. Vyombo viwili vimetulia angani, kimoja mbele ya kingine, kati yao uzi mwembamba ulionyooka. Kwa saa za kituo kilichotulia karibu navyo, vinawasha injini wakati mmoja na kuongeza kasi kwa namna ileile. Je, uzi utakatika? Bell alisimulia kwamba wanafizikia wengi wa CERN mwanzoni walisema hautakatika. Unakatika. Kwa kituo, umbali kati ya vyombo haubadiliki, ilhali uzi unaosafiri unataka kufupika na haupewi nafasi, kwa hiyo unavutwa hadi kukatika. Kwa marubani, vyombo havikuenda sambamba hata kidogo: katika fremu wanayoingia, kila mara cha mbele ndicho kilichotangulia kuongeza kasi, na pengo kati yao linazidi kupanuka.